Orodha za Makato Zinyooshwe



Safari hii hatuzungumzii nyongeza ya mishahara wala saa za kazi. Tunazungumzia jambo ambalo wengine wataliona dogo, tena la makarani: jinsi orodha za makato zinavyoandikwa. Kila mwisho wa mwezi mwajiri hukata fedha katika mshahara wa mfanyakazi. Hukata mchango wa INSS, hukata kodi, hukata avansi iliyochukuliwa katikati ya mwezi, na kwa yule aliyetia sahihi, hukata ada ya chama. Halafu hutuletea orodha ya kuonyesha alichokata. Orodha hizo huja ofisini kwetu kutoka sehemu mbalimbali za kazi za mji huu wa Bujumbura, nyingine kwa karatasi, nyingine kwa flashi, na siku hizi nyingi kwa simu. Nasi twasema wazi: nyingi kati yake hazisomeki. Jina limekaa huku, tarakimu imekwenda kule, na ukitaka kujua nani amekatwa nini, huna budi kuweka rula juu ya karatasi na kubahatisha.

Rai yetu ni hii. Orodha ambayo mfanyakazi hawezi kuikagua kwa kidole chake, akishuka nacho kutoka juu hadi chini, haijamfikia, hata kama imebandikwa mbele ya macho yake. Na kuinyoosha orodha hiyo ni kazi ya mistari michache ya maandishi ndani ya kompyuta, kazi isiyogharimu faranga hata moja ya kununua programu. Chama kinaweza kuifanya chenyewe, na yafaa kianze mwezi huu.

Tutoe kisa kimoja ili tusionekane tunapigania urembo. Katika kampuni moja ya hapa mjini, ambayo hatuitaji, alikuwako dada mmoja mfanyakazi wa usafi. Dada huyo hapendi kukopa. Miezi mingi hufika mwisho wa mwezi bila avansi. Karani wa kampuni alipoandika mstari wake aliacha mahali pa avansi wazi, hakuweka sifuri wala kistari. Mashine ilipochapa, tarakimu ya ada ilisogea kushoto ikajaza pengo lile. Kwa hiyo kwenye karatasi dada yule alionekana kuwa amechukua avansi ndogo, na ada ya chama hajalipa. Hayo yaliendelea miezi minne. Kisha akafiwa na mama yake. Alipokuja kuomba rambirambi, ambayo kila mwanachama aliyelipa ana haki nayo, orodha ya mwajiri ikasema hajalipa tangu miezi minne. Naye alikuwa amekatwa kila mwezi! Fedha yake ilikuwa imefika, jumla ya chini ilikuwa sawa, ila jina lake lilisimama mbele ya nafasi tupu. Ilibidi wajumbe wawili wakae hadi usiku na karatasi nne na rula ya mtoto wa shule mpaka wakaliona kosa. Rambirambi ilitoka siku ya tisa, wakati wageni wamekwisha kula, wamekwisha kuondoka, na madeni ya chakula yamebaki mlangoni.

Katika kisa hicho hakuna aliyeiba. Wizi tunajua kupambana nao. Tuna sheria, tuna mkaguzi wa kazi, tuna mahakama ya kazi. Lakini pengo tupu kwenye karatasi utalishtaki wapi?

Tazameni wenyewe. Hapa chini ni orodha ya mfano, majina ya kawaida na tarakimu za kubuni, iliyoandikwa kama zilivyo nyingi tunazopokea. Baada ya jina unafuata mshahara, kisha avansi, kisha ada:

```
Idi 250000 20000 2500
Espérance 180000 1800
Shabani 1200000 150000 12000
Zaina 95000 5000 950
```

Msomaji wa haraka atasema Espérance amechukua avansi ya faranga 1800 na ada hajatoa. Sasa ile ile, ikiwa imenyooshwa:

```
JINA           MSHAHARA     AVANSI       ADA
Idi              250000      20000      2500
Espérance        180000          0      1800
Shabani         1200000     150000     12000
Zaina             95000       5000       950
JUMLA           1725000     175000     17250
```

Hapa hakuna ubishi tena. Majina yameegemea upande wa kushoto, tarakimu zimeegemea upande wa kulia. Katika mfano huu ada ni asilimia 1 ya mshahara, kwa hiyo ukiondoa sifuri mbili za mwisho katika jumla ya mishahara unapata jumla ya ada, na hesabu hiyo haihitaji mashine. Zaidi ya hayo, urefu wenyewe wa tarakimu unasema. Mshahara wa Shabani unatokeza kushoto kuliko wote. Kama karani angesahau sifuri moja, akaandika ada yake 1200 mahali pa 12000, tarakimu ile ingejificha chini ya ile ya Espérance, na mtu yeyote anayejua kwamba Shabani ni fundi mkuu angeuliza: vipi fundi mkuu anatoa ada ndogo kuliko mfanyakazi wa usafi?

Sisi tulioishia darasa la sita hatukujifunza jambo hili kwenye kompyuta. Tulifundishwa na mwalimu wa hesabu, chaki mkononi na fimbo mezani: mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi, mamia chini ya mamia. Ukikosea kupanga, jibu lilikuwa kosa hata kama kujumlisha kwako kulikuwa sawa. Mpangilio ulikuwa sehemu ya hesabu yenyewe. Leo tunaletewa karatasi za fedha zetu ambazo mwalimu yule angezirudisha bila kuzisahihisha, na aliyeziandika ana diploma.

Basi kazi hiyo inafanywaje? Kuna lugha fupi ya kuamuru kompyuta iitwayo awk. Ilitengenezwa mwaka 1977 katika maabara za Bell huko Marekani na watu watatu, Alfred Aho, Peter Weinberger na Brian Kernighan. Jina la lugha limetokana na herufi za kwanza za majina yao ya ukoo. Waliitengeneza hasa kwa kazi ya namna hii: kusoma faili mstari kwa mstari, kuukata mstari vipande, na kutoa taarifa iliyopangwa. Haiuzwi. Kompyuta zinazotumia Linux na zile za Apple huja nayo. Kwenye Windows huwekwa, na hata simu ya Android inaweza kuiendesha kwa programu ya bure iitwayo Termux. Lugha nyingine ziko, kama Perl ya mwaka 1987 na Python wanayofundishwa vijana siku hizi, na zote zinafanya kazi hii vizuri. Kijana anayejua Python asiache Python yake kwa ajili yetu. Sisi tumechagua awk kwa sababu amri nzima inaenea kwenye kipande cha karatasi.

Faili ya asili huandikwa hivi, kila kipande kikitengwa na nuktamkato:

```
Idi;250000;20000;2500
Espérance;180000;;1800
Shabani;1200000;150000;12000
Zaina;95000;5000;950
```

Na amri yenyewe ni hii:

```
awk -F';' '
{ printf "%-12s %10d %10d %9d\n", $1, $2, $3, $4
  m += $2; v += $3; a += $4 }
END { printf "%-12s %10d %10d %9d\n", "JUMLA", m, v, a }
' makato.txt
```

Msiogope alama. Maneno -F';' yanaiambia mashine kwamba vipande vimetengwa na nuktamkato. $1 ni kipande cha kwanza, yaani jina, $2 ni cha pili, na kuendelea. Alama %-12s maana yake ni: andika maneno, tenga nafasi 12, egemeza kushoto. Alama %10d maana yake ni: andika namba, tenga nafasi 10, egemeza kulia. Kile kistari kabla ya 12 ndicho kinachogeuza upande. Ukikiondoa, majina nayo yatakwenda kulia. Herufi m, v na a ni vikapu vitatu vya kujumlishia, na END ni mahali pa kumimina vikapu baada ya mstari wa mwisho. Kichwa cha juu huandikwa kwa vipimo vile vile. Ni hayo tu.

Angalieni mstari wa Espérance katika faili ya asili. Kuna nuktamkato mbili zilizofuatana, na kati yake hamna kitu. Mashine inaelewa kwamba kipande cha tatu kipo ila ni kitupu, na kwa kuwa tumeiamuru iandike namba, inaandika 0. Dada wa usafi angekuwa salama. Kama vipande vingetengwa kwa nafasi tupu, kama karani yule alivyofanya, awk nayo ingedanganyika kama tulivyodanganyika sisi, maana nafasi tupu kumi kwake ni sawa na nafasi tupu moja. Nuktamkato inafaa pia kwa sababu majina yetu ni ya maneno mawili na matatu, na tena tarakimu zetu tumezoea kuzigawa kwa namna ya Kifaransa, 12 500, ambayo machoni pa mashine ni vitu viwili, 12 na 500. Wengine hugawa kwa nukta, 12.500, faili hiyo ikifunguliwa kwenye kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Kiingereza, inasomwa kama kumi na mbili na nusu. Tangu nchi yetu iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, faili zinavuka mipaka na kukutana na desturi zote mbili. Dawa ni rahisi: ndani ya faili ya asili tarakimu ziandikwe bila kugawanywa kabisa.

Sasa tuje kwenye majina, ambako ndiko tuna ugomvi mkubwa zaidi na makarani.

Katika nchi yetu mtu ana jina la Kirundi na jina la ubatizo, au jina la Kiislamu kwa sisi wa Buyenzi, na mengi ni marefu. Kuna programu za mishahara ambazo zimetenga nafasi 15 kwa jina, na lililozidi hukatwa. Chukueni mfano wa kubuni. Katika sehemu moja ya kazi kuna Hakizimana Jean-Claude, Hakizimana Jean-Marie na Hakizimana Jean-Bosco. Hesabuni herufi pamoja na nafasi: "Hakizimana Jean" ni 15 kamili. Mashine inakata hapo, na kwenye orodha wanatoka watu watatu wenye jina moja, ada tatu tofauti, avansi tatu tofauti. Mmoja akidai, karani anamwonyesha mstari wa mwenzake. Katika awk, %-15s haikati jina. Likizidi, linasukuma safu mbele, mstari unapinda, nawe unaona kwamba kuna tatizo. Anayetaka kukata lazima aandike kwa makusudi %-15.15s. Kwa maneno mengine, kukata jina la mtu ni uamuzi wa mtu, wala si lazima ya mashine, na karani anayesema "mashine ndiyo inavyotaka" aulizwe ni nani aliyeandika ile 15 ya pili. Safu iliyopinda ni afadhali kuliko jina lililokatwa. Na mbele ya kila jina iwekwe namba ya mwanachama.

Kisha kuna alama za Kifaransa juu ya herufi. Espérance, Thérèse, Béatrice, Gérard: orodha zetu zimejaa majina hayo. Toleo moja la awk liitwalo mawk, ambalo hukutwa katika mashine nyingi za Ubuntu na Debian, huhesabu baiti, yaani vipimo vidogo vya ndani vya kompyuta, badala ya kuhesabu herufi. Herufi e ni baiti moja. Herufi é, kwa mtindo wa maandishi unaotumiwa leo karibu kila mahali, ni baiti mbili. Kwa hiyo Espérance yenye herufi 9 inahesabiwa kuwa 10, inawekewa nafasi moja pungufu, na tarakimu zote za mstari wake zinarudi kushoto hatua moja. Thérèse anarudi hatua mbili. Orodha inakuwa kama meno ya msumeno, na wanaoumia ni wale tu wenye alama katika majina yao.

Tumesikia ushauri wa kuziondoa alama: aandikwe Esperance, Therese, mambo yaishe. Hatukubali. Jina hilo ndilo liko kwenye kitambulisho, na ndilo linalopaswa kufanana na karatasi za INSS siku mtu atakapodai pensheni baada ya miaka 30 ya kazi. Mtu asibadilishwe jina ili mashine ipate raha. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kutumia gawk, toleo la awk la mradi wa GNU, nalo pia ni la bure, ambalo huhesabu herufi zenyewe endapo kompyuta imepangwa vizuri. Ya pili ni ya kienyeji na sisi tunaipenda zaidi: namba ya mwanachama na tarakimu zitangulie, jina liwekwe mwisho wa mstari. Baada ya jina hakuna kitu, kwa hiyo liwe refu, liwe na alama, halimsukumi mtu.

Kuhusu upana wa safu za fedha tuseme neno moja tu. Mwaka 1988 kima cha chini cha mshahara kiliwekwa faranga 160 kwa siku hapa Bujumbura, na 105 mikoani. Safu ya tarakimu tatu ilitosha. Leo ukitaka kuandika bei ya mfuko wa mchele, safu hiyo haitoshi. Tengeni nafasi za kutosha, na za akiba juu yake.

Jambo jingine ni herufi zenyewe. Wazee waliofanya kazi na taipureta wanakumbuka kwamba kwenye mashine ile i na m zilichukua upana mmoja. Ndiyo maana safu zilinyooka. Kwenye kompyuta na simu za leo, maandishi ya kawaida yana i nyembamba na m pana, na hata nafasi tupu ina upana wake. Orodha iliyonyooka kwenye kompyuta ikitumwa kwa WhatsApp inafika imepinda, na mwenyekiti anapiga simu kulaumu. Kuna fonti za upana mmoja, mojawapo ni Courier, iliyochorwa kwa ajili ya taipureta za IBM miaka ya 1950. Mnapochapa, chagueni hiyo. Mnapotuma kwa WhatsApp, wekeni alama tatu za ``` mwanzoni na mwishoni mwa orodha, nayo itaonyeshwa kwa upana mmoja. Lakini kioo cha simu ni chembamba, mstari mrefu hujikunja. Kwa simu peleka namba ya mwanachama na ada, basi.

Kuna wenzetu watakaouliza: kwa nini kuhangaika, na Excel ipo? Hatuna chuki na Excel. Wahasibu wanaitumia kwa hesabu zao na waitumie. Lakini kwa orodha ambayo mfanyakazi anatakiwa kuikagua, tuna sababu za kutoitaka. Ya kwanza: Excel inaweza kuficha safu. Bonyeza mara mbili au tatu, safu nzima inatoweka machoni na bado imo ndani, na jumla bado inaihesabu. Tumeletewa faili ya namna hiyo, jumla haikulingana na kilichoonekana, na tulipofunua tukakuta safu ya "makato mengineyo" ambayo hakuna mfanyakazi aliyewahi kuelezwa. Maandishi matupu hayana mahali pa kuficha. Kilichomo ndicho kinachoonekana. Ya pili: safu ikiwa nyembamba, Excel haionyeshi namba, inaweka ####. Zimekwisha kubandikwa ukutani karatasi zenye #### mahali pa mshahara wa mtu! Awk ikibanwa inasukuma safu, haifuti namba. Ya tatu ni umaskini wetu: programu hiyo inauzwa, na faili ya maandishi matupu inafunguka kwenye kompyuta ya zamani kabisa, na kwenye simu ndogo ya mjumbe wa Kinama au Kanyosha.

Wapo pia wanaosema mambo haya ni ya wasomi, chama kibaki na mikutano. Ndugu hao wakumbuke kwamba mishahara ni miongoni mwa kazi za kwanza kabisa ambazo kompyuta zilipewa nje ya maabara na jeshi. Mwaka 1951 kampuni ya chai na mikate ya Lyons, Uingereza, ilianza kutumia kompyuta yake iitwayo LEO, na haikupita miaka mingi ikaanza kuhesabu kwa mashine hiyo mishahara ya waoka mikate. Mashine ilimfikia mfanyakazi kwa njia ya bahasha ya mshahara. Na jirani zetu wa Tanzania walionja upande wa pili: Wizara ya Fedha ilileta kompyuta katika miaka ya 1960, mpango wa kuhesabu kwa mashine ukaenda vibaya, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo iliondolewa zamani. Hatuwalaumu, mtu akiumwa na nyoka hushtuka akiona kamba. Lakini siku zile mashine ilikuwa ya wizara, imefungiwa chumba chenye baridi, na aliyeweza kuielewa alitoka ng'ambo. Leo mashine iko mfukoni mwa kibarua, na tukikataa kuielewa, atabaki kuielewa mwajiri peke yake.

Kwa waajiri tuna maombi, na tunayatoa kwa heshima. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unaohusu ulinzi wa mishahara, unasema katika kifungu cha 14 kwamba mfanyakazi ajulishwe maelezo ya mshahara wake kila anapolipwa, kwa namna inayofaa na rahisi kueleweka. Rahisi kueleweka! Miaka ile hakukuwa na WhatsApp, lakini maneno hayo yanatosha. Tunaomba kila mwezi, pamoja na karatasi, mtupe faili ya asili ya maandishi matupu, iliyotengwa kwa nuktamkato, mahali patupu pawekwe sifuri, majina yaandikwe kamili. Kazi ya kunyoosha tutaifanya sisi. Mwajiri ambaye tarakimu zake ni safi hana cha kupoteza.

Na kwa wajumbe wetu tuna maonyo mawili. La kwanza: msibandike mishahara ya watu ukutani. Mwenye duka anayemdai mtu hapiti mbali na ubao wetu. Ukutani iwekwe namba ya mwanachama na ada yake tu. Makato mengine mwenyewe aje aonyeshwe mstari wake. La pili: msimwachie kijana mmoja amri hii kichwani mwake. Tunao vijana hodari, na tunajua vilevile kwamba kijana hodari wa Bujumbura leo yupo, kesho yuko Kampala au Dar es Salaam kutafuta maisha, na hatuwezi kumzuia. Amri ichapwe kwenye karatasi, iwekwe katika jalada la mweka hazina, na walau watu wawili katika kila sehemu ya kazi waweze kuiandika upya umeme ukirudi. Mmojawapo awe mtu wa makamo. Tumeona wanawake wa jikoni na wa usafi wakiishika upesi kuliko makarani, pengine kwa sababu wao ndio waliokuwa wakipoteza.

Jumamosi ijayo, baada ya kazi za jamii, ofisi itakuwa wazi. Anayetaka amri hii aje na flashi au simu, naye ataonyeshwa jinsi ya kuiendesha. Aje pia na orodha ya makato ya mwezi uliopita kutoka kazini kwake, hata ikiwa imepinda namna gani. Tutaanza na hizo.